Nguruwe wana matumbo, hawana nyama: jibu kuhusu machicha ya lutuku na ya bia

Swali: "Jambo Dokta. Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, nafuga nguruwe kumi na mmoja. Tangu bei ya mahindi ipande niliacha kununua. Nachukua machicha kwa mama wawili jirani wanaopika lutuku, ile pombe kali ya mahindi, bido saba za lita 20 kila siku, na ninaongeza pumba, sahani moja kwa kila nguruwe. Wanakula, wanalala, matumbo yamejaa, lakini hawaongezeki. Wa miezi sita utadhani ni wa miezi mitatu. Tena majike wawili wachanga, sehemu yao ya nyuma imevimba na kuwa nyekundu kama wako na joto, na umri wao bado. Mtoto wangu alisoma kwenye simu kwamba Marekani wanalisha nguruwe machicha ya mahindi yaliyotoa alkoholi, hata 30 kwa 100, na wananenepa. Mbona yangu hayafanyi kazi? Na shemeji yangu anaweza kunipatia dreshi, yaani machicha ya kiwanda cha bia. Nichukue?"

Jambo Mama. Nianze na wale majike wawili, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, hilo haliwezi.

Leo jioni usiwape machicha. Wape pumba safi, matembele, muhogo uliopikwa, chochote ulicho nacho ambacho hakikupitia kwenye pipa la lutuku. Kama kuna jike mwenye mimba kwenye banda, naye mtoe kwenye machicha leo hii. Jike mchanga anayevimba nyuma kabla ya umri wake, na hakuna dume aliyemfikia, mara nyingi amekula mahindi yenye ukungu. Kuna ukungu mmoja mwekundu-mwekundu, fusari, unaoanza mahindi yakiwa bado shambani na kuendelea ghalani kama yaliwekwa na unyevu. Unatoa sumu inayoitwa zearalenoni. Mwilini mwa nguruwe sumu hiyo inajifanya homoni ya kike: jike mdogo anavimba kana kwamba ana joto, jike mkubwa anaacha kushika mimba au anapoteza aliyonayo. Katika wanyama tunaofuga hakuna anayeumizwa na sumu hii kuliko nguruwe.

Sasa utaniuliza: si yamechemshwa, Dokta? Yamechemshwa, ndiyo, na moto umeua vijidudu. Sumu ya ukungu si kijidudu. Inavumilia kuchacha, inavumilia pipa kuchemka saa nzima. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo litatupeleka moja kwa moja kwenye swali lako kuu: sumu haigeuki kuwa pombe. Mahindi yanapungua, yenyewe inabaki palepale. Ukianza na kilo tatu za mahindi zenye sumu kidogo, ukabakiwa na kilo moja ya machicha makavu, sumu yote ya kilo tatu imejazana ndani ya hiyo moja. Kwa hiyo mahindi ambayo nguruwe angeyala bila shida yanaweza kutoa machicha yanayomdhuru.

Nenda kawaulize wale mama, kwa upole, wananunua mahindi gani. Usiende kama polisi. Nao wanatafuta maisha. Lakini mahindi ya kupikia lutuku mara nyingi ndiyo yale ambayo muuza unga ameyakataa: yameloa njiani, yamebadilika rangi, yananuka chumba kilichofungwa. Omba kuona mfuko wenyewe. Chukua kiganja, vunja punje chache kwa jino, tazama ncha ile iliyoshikana na gunzi. Ukikuta rangi ya waridi au vumbi la kijani, machicha ya mfuko huo usiyachukue hata kwa bure.

Majike wako, ukiwatoa kwenye chakula hicho, uvimbe hupungua wenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Kama sehemu ya ndani imeanza kutokea nje, usingoje, mwite mganga wa wanyama aje.

Haya. Sasa Marekani.

Mtoto wako alisoma sawa. Wamarekani walipopitisha sheria za kuchanganya alkoholi kwenye petroli, mwaka 2005 na tena 2007, viwanda vya kuchachua mahindi viliota kila mahali katika majimbo ya mahindi kama Iowa, na mabaki yake yakawa milima. Yakikaushwa yanaitwa DDGS, yaani nafaka kavu ya pombe pamoja na maji yake mazito. Leo yanatoka zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka, na kuku, ng'ombe na nguruwe wanayala hadi nchi za mbali. Watu kama Hans Stein wa Chuo Kikuu cha Illinois na Jerry Shurson wa Minnesota wamekaa miaka mingi wakipima kila kilichomo na nguruwe anafaidika na kipi. Namba nyingi nitakazokupa zinatokana na kazi za namna hiyo.

Hesabu yake haina uchawi. Punje ya mahindi, theluthi mbili zake ni wanga. Hamira inakula wanga tu: sehemu inaigeuza alkoholi, sehemu nyingine inapotea kama hewa ile unayoona ikitoa mapovu. Theluthi inayobaki ni kila kitu ambacho si wanga. Ndiyo maana protini, ambayo kwenye mahindi ni kama 8 au 9 kwa 100, kwenye machicha makavu inafika karibu 27. Mafuta kutoka karibu 4 hadi 10, isipokuwa kiwanda kimekamua mafuta kwanza, na siku hizi vingi vinakamua. Nyuzi nazo zinapanda mara tatu, na hapo ndipo nguruwe anaanza kulalamika, kwa sababu yeye si ng'ombe. Tumbo lake ni moja na nyuzi nyingi zinapita tu.

Faida moja ambayo watu hawaisemi ni fosforasi. Kwenye mahindi ipo, ila imefungwa. Nguruwe anaitoa nje sehemu yake kubwa bila kuitumia. Kuchacha kunafungua sehemu kubwa ya kifungo hicho, hata kiasi cha 60 kwa 100 ya fosforasi ya DDGS kinamwingia mwilini. Anayelisha machicha mazuri anaweza kupunguza unga wa mifupa. Chokaa asipunguze, maana kalisi kwenye machicha haimo.

Kwa nini basi yako hayafanyi kazi? Mama, kwa sababu Mmarekani analisha machicha, na wewe unalisha maji.

Kile alichosoma mtoto wako, 30 kwa 100, ni machicha makavu kabisa ndani ya chakula kikavu. Yako yanatoka kwenye pipa. Fanya jaribio hili kabla hujaendelea kusoma mara ya pili. Koroga pipa mpaka chini, chota kilo moja, mimina kwenye sinia. Weka juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makaa machache, moto wa kinyonge, ukikoroga, au juani siku mbili tatu kama ni kiangazi. Yakikauka na kukatika kama makombo ya mkate, nenda nayo kwenye mizani ya muuza unga. Mara nyingi nimepata gramu 60 hadi 80. Tuseme 70. Maana yake kila lita 12 unazompa nguruwe zina gramu 840 tu za chakula. Kilo 11 nyingine ni maji ya moto yenye harufu.

Nguruwe wa kilo 50 anahitaji kama kilo 2 za chakula kikavu kwa siku. Wako anapata gramu 840 za machicha na nusu kilo ya pumba: kilo 1 na robo, si zaidi sana. Na hawezi kunywa zaidi kwa sababu tumbo limejaa. Analala kwa kushiba maji. Hayo matumbo unayoyaona ndiyo hayo.

La pili ni gumu kidogo kueleza lakini ndilo lenye pesa yako. Protini si kitu kimoja. Ni kama nyumba inayojengwa kwa matofali, misumari, mbao na mabati. Ukiwa na matofali lori kumi na misumari kiganja kimoja, nyumba itaishia pale misumari ilipoishia. Kwa nguruwe, msumari huo unaitwa laisini. Mahindi yana laisini chache tangu asili, kama robo gramu kwa kila gramu 100. Kuchachua hakuongezi aina. Kunaongeza wingi wa ileile. Kwa hiyo DDGS yenye protini 27 ina laisini kama 0.8 tu, wakati soja iliyokaangwa ina zaidi ya 2 na kapenta kavu zaidi ya 4. Na katika hiyo 0.8, nguruwe anafanikiwa kutumia kama 60 kwa 100. Piga hesabu ya kile unachompa: jumla inayomwingia ni gramu 5 kwa siku, au chini. Nguruwe wa kilo 50 hadi 75 anayekua vizuri anataka kama 15 hadi 17. Hata tukisema nguruwe wetu mchanganyiko ana haraka ndogo kuliko wa kizungu, bado unampa theluthi. Protini iliyobaki, ile isiyopata laisini ya kwenda nayo, ini linaivunja na figo zinaitoa kwa mkojo. Ukiingia bandani asubuhi macho yakakuwasha kwa harufu kali ya mkojo, jua ni protini uliyoichota na kuibeba kichwani ikirudi ardhini.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Miaka ya kwanza nilipoanza kufuga nilitaka kuwa mjanja, nikatengeneza bati juu ya moto wa kuni ili nikaushe machicha haraka wakati wa mvua. Yalikauka vizuri, yakawa rangi ya kahawa, yananukia kama karanga zilizokaangwa. Mimi mwenyewe nilitamani kuonja. Nguruwe walikula miezi miwili na hawakuongeza chochote cha maana. Baadaye ndipo nikaelewa: laisini ikikutana na sukari kwenye moto mkali zinashikana, na zikishashikana tumbo haliwezi kuzitenganisha. Ni jambo lilelile linaloupa mkate ganda la kahawia. Viwanda vikubwa navyo vinaanguka kwenye shimo hilo: kuna DDGS ambayo laisini yake inatumika karibu 80 kwa 100, na nyingine haifiki hata 50, kwa sababu tu mashine ya kukausha ilizidisha moto. Kwa jicho, machicha mazuri ya mahindi ni rangi ya dhahabu, kama unga wa mahindi ya njano. Yakielekea kahawa, yamepoteza. Na ule ukoko mweusi ulioungua chini ya pipa la lutuku usiukwangue kwa ajili ya nguruwe, uende shambani.

Jambo jingine la kuuliza jirani zako: wanatumia mahindi matupu, au wanachanganya muhogo? Yote niliyosema juu ni ya mahindi. Muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake 2 au 3 kwa 100. Wakiweka nusu unga wa muhogo, machicha yanabaki yale ya mahindi tu pamoja na nyuzi za muhogo, na utapata pipa lilelile lenye chakula kidogo zaidi ndani. Jaribio la sinia litakuonyesha.

Kwa upande mwingine, pipa la nyumbani lina zawadi moja ambayo kiwanda hakina. Kiwanda kinatumia vimeng'enyo vikali, kinafagia karibu wanga wote. Jirani yako anatumia kimea cha mahindi na subira yake, kwa hiyo wanga mwingine unabaki haujachacha. Kwa mpika lutuku ni hasara. Kwa nguruwe ni nguvu. Ndiyo maana protini ya machicha yako haitafika 27 ya Mmarekani, na si vibaya.

Na ile sehemu nyepesi ya juu, watu wengi wanaimwaga. Usiimwage. Imebeba hamira iliyokufa, vitamini za kundi la B na fosforasi nyingi. Kiwandani wanaichemsha mpaka iwe kama asali kisha wanaimwaga tena juu ya machicha. Ndiyo sababu jina linasema "pamoja na maji yake". Wewe itumie badala ya maji kukandia chakula kikavu. Lakini maji safi ya kunywa lazima yawepo pembeni kila saa, kwa sababu hiyo kitu ni chachu.

Kuhusu mapipa yenyewe. Sisi tunaishi kwenye nchi ya shaba, na watu wananiuliza sana kama bomba la shaba la wapika lutuku linaharibu machicha. Bomba linapitisha mvuke, na mvuke ndio unaokuwa lutuku. Machicha yanabaki chini ndani ya chuma, hayaligusi. Uskoti ni tofauti: huko chungu chenyewe cha wiski ni cha shaba, na mabaki yake wafugaji wanashauriwa wasiwape kondoo, kwa kuwa kondoo hufa kwa shaba kidogo. Nguruwe anavumilia shaba mara nyingi zaidi ya kondoo. Kinachonitia hofu mimi si bomba, ni historia ya pipa. Pipa lililobeba dawa za kuoshea madini halisafishiki kwa mchanga na sabuni. Kama bado lina rangi ya buluu au ya njano na mabaki ya karatasi yenye alama ya fuvu, achana na machicha yake, na lutuku yake pia, ingawa hilo hukuniuliza.

Pia mpikaji akizima moto mapema, alkoholi inabaki ndani. Utajua jioni: nguruwe wanayumba, mmoja anagonga ukuta, watoto wanacheka. Si mchezo kwa ini lao. Chemsha tena bila kufunika, robo saa au zaidi.

Sasa dreshi ya bia ya shemeji. Ni kitu kingine, ingawa vyote tunaviita machicha. Kwenye bia, shayiri iliyoota inalowekwa kwenye maji ya moto, sukari inatoka, na machicha yanatolewa hapohapo, kabla hamira haijaingia. Kwa hiyo dreshi haina hamira, haina yale maji mazito, na ina maganda ya shayiri. Uzuri wake ni kwamba imekamuliwa: kilo moja ina gramu 200 hadi 250 za chakula kikavu, mara tatu ya pipa lako. Protini ya kile kikavu ni 22 hadi 28, laisini inafanana na ya machicha ya mahindi au inaizidi kidogo. Ubaya wake ni nyuzi, karibu nusu ya kitu chote, kwa hiyo nguvu anayopata nguruwe ni kama nusu tu ya mahindi. Jike mwenye mimba anafaa sana kwa dreshi: anajaa, anatulia, hagombani, hanenepi kupita kiasi. Nguruwe wa kunenepeshwa mpe kidogo, kilo moja hadi moja na nusu mbichi kwa siku, asizidi. Mtoto aliyeachishwa juzi, hapana.

Chukua, ndiyo, kama shemeji anaileta siku ileile inapotoka. Siku ya tatu Oktoba ikiwaka jua, dreshi ina ukungu, na tunarudi tulikoanzia. Ukipata nyingi kwa mara moja, changanya kila ndoo nne za dreshi na ndoo moja ya pumba kavu ili inyonye maji, kanyaga ndani ya pipa safi la plastiki tabaka kwa tabaka mpaka hewa itoke, funika kwa mfuko wa plastiki, weka mawe juu. Baada ya wiki tatu ina harufu ya chachu tamu na inakaa miezi. Ukifungua, kila siku toa tabaka zima la juu, usichimbe shimo katikati. Juni hadi Agosti huna haja ya pipa: anika juu ya plastiki nyeusi, jua na upepo wa kiangazi chetu vinamaliza kazi kwa siku mbili. Ila mbali na barabara ya malori ya madini. Lile vumbi si viungo.

Shemeji akikuambia kuna hamira ya bia pia, ile tope nyeupe, ipokee kwa mikono miwili. Hiyo ni protini ya kweli, karibu nusu ya kikavu chake, na laisini yake si chini ya ile ya soja. Lakini ichemshe kwanza. Hamira hai ndani ya tumbo la nguruwe inaendelea na kazi yake ya kuchachua, na nguruwe anavimba kama mpira.

Nikupe mchanganyiko wa kuanzia, wa nguruwe wa kilo 50 kwenda juu, kwa kilo 100 za kikavu: mahindi yaliyosagwa 57, machicha ya lutuku 20, soja iliyokaangwa na kusagwa 16, vumbi la kapenta 5, chokaa na unga wa mifupa pamoja 1.6, chumvi 0.4. Hapo protini ni karibu 19 na laisini karibu 0.9. Soja lazima ikaangwe mpaka ganda lipasuke na harufu ya majani mabichi iishe. Mbichi ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, nguruwe ataharisha. Kapenta onja kwa ulimi: ikiwa ya chumvi, chumvi nyingine usiweke.

Najua unachosema moyoni: "Dokta, mahindi 57? Si ndiyo niliyoyakimbia?" Sehemu yake unaweza kuiweka muhogo mkavu au pumba nzuri. Soja na kapenta ndivyo usivyoweza kukimbia. Machicha yamekuokoa kwenye mahindi kidogo na kwenye soja kidogo. Hayawezi kukuokoa kwenye vyote. Na kama pesa hazitoshi kwa kumi na mmoja, mimi ningeuza watano na kulisha sita. Nguruwe sita wa miezi saba wenye kilo 80 wanalipa kuliko kumi na mmoja wenye matumbo.

Kilo 20 za machicha makavu kwenye kilo 100, kwa nguruwe mmoja anayekula kilo 2, ni gramu 400 kwa siku. Kwa pipa lenye gramu 70 kwa kilo, hiyo ni kama lita 6. Nusu ya unachompa sasa. Kandia nayo chakula kikavu, iwe nzito kama bukari (ugali) lililoanza kushikana, isiwe uji.

Walio chini ya kilo 25 wasubiri wiki tatu baada ya kuachishwa, halafu uanze na 5 au 10 kwa 100, ukipanda polepole. Nguruwe anajua ladha, ukibadili ghafla anakataa. Vitabu vinaruhusu jike mwenye mimba kula machicha hata 50 kwa 100, na anayenyonyesha 30. Kwa machicha yenye historia safi nakubali. Kwa ya pipa la jirani, ambalo hujui mahindi yake, jike mwenye mimba ndiye wa mwisho kupewa, kwa sababu ya ile zearalenoni.

Wiki tatu au nne kabla ya kuuza, simamisha machicha kabisa. Mafuta ya mahindi yaliyomo yanahamia kwenye mafuta ya nguruwe, na yanakuwa laini, ya kunata, yanayeyuka mkononi. Mchinjaji anabonyeza mgongo kwa kidole gumba, anakunja uso, na bei inashuka hapohapo. Zaidi ya hayo, nguruwe aliyelishwa nyuzi ana utumbo mzito. Ukimuuza kwa uzito wa akiwa hai hutaona, ukimuuza kwa nyama utaona.

Mwisho, bido zako. Zinatoka kwako kwenda kwa wapika lutuku na kurudi, na sidhani wewe ni mfugaji pekee anayepita hapo. Pesti ya Kiafrika ya nguruwe, ile homa ya nguruwe, haina chanjo ya kukuokoa hapa kwetu, na inasafiri kwenye ndoo yenye mate au kinyesi cha banda la mwingine, hata kama machicha yalichemka. Weka bido mbili tatu za kubaki kwa jirani na nyingine za kubaki kwako, mhamishe machicha kwa kumimina, mlangoni, bila bido za jirani kuingia bandani.

Pima ile sinia kesho, kisha uniandikie gramu ngapi ulizopata na mahindi yao yakoje. Nikijua hizo mbili nitakurekebishia mchanganyiko. Na unieleze wale majike wawili wanaendeleaje.